Kishale kimeyeyuka? Usizime kompyuta, mshikaji!

Wiki hii sina umbea wa mjini. Nina kisa changu mwenyewe, tena cha aibu.

Mwaka jana niliazima laptopu ya binamu yangu niandike makala kama hii unayoisoma. Mhariri aliitaka kabla ya saa sita mchana, na sisi tusioajiriwa, makala ikichelewa hakuna mshiko, basi. Nimefika ukurasa wa pili, nikapapasa tachipedi, kale kamstatili ka chini ya kibodi, ili nisahihishe neno. Kishale hakuna! Napapasa kushoto, kulia, wapi bwana. Maneno yapo, skrini inawaka, ila kale kamshale keupe kameyeyuka kama mdaiwa mwisho wa mwezi.

Nikafanya ambacho wengi wenu mmeshafanya, msijifanye. Nikabana batani ya kuwashia mpaka laptopu ikazimika. Ilipowaka tena kishale bado hakuna, na kazi ambayo sikuwa nimeihifadhi ikaenda na maji. Mbio kwa fundi. Jamaa akaitazama, akabonyeza batani mbili kwa pamoja, kishale hicho! "Elfu kumi, kaka." Nikalipa huku roho inauma.

Kumbe mchawi alikuwa kidole changu. Tazama ule mstari wa juu wa kibodi, F1 mpaka F12. Kwenye laptopu nyingi mojawapo ina kapicha ka tachipedi. Ni ipi, inategemea kampuni iliyoitengeneza. Ukiibonyeza, nyingine mpaka uibane pamoja na Fn, tachipedi inalala. Windows ikiona hakuna cha kusukuma kishale, inaweza kukificha kabisa. Unataka kuongeza sauti ya muziki, kidole kinateleza, kasheshe inaanza. Bonyeza tena palepale, kinarudi. Bure.

Kabla ya yote lakini, Ctrl na S. Kazi inahifadhiwa hata kama kishale kimekimbilia Mombasa. Hii ningeijua, ningelala na hela yangu.

Wenye mausi ya waya, chomoeni mchomeke tundu jingine. Ya betri ina swichi tumboni, na betri nazo huisha. Halafu kuna mabishoo wa meza za kioo: mausi nyingi za siku hizi husoma meza kwa mwanga, na kwenye kioo mwanga unapita tu. Weka karatasi chini, uone.

Kimbembe kingine ni cha wale wanaounganisha kompyuta na projekta au TV kwenye harusi. Kishale hakijapotea, kimevuka kwenda skrini ya pili, na wewe umekodolea ya kwanza. Bana batani ya Windows na P, chagua ya kwanza kwa mishale ya kibodi, Enter. Na kama kinapotea ukiwa unachapa tu, usilie, Windows inaweza kukificha kisikuzibe maandishi. Sogeza kidogo, kitatokea.

Mausi yenyewe ni mgeni kwenye kompyuta. Douglas Engelbart wa Marekani aliionyesha hadharani San Francisco Desemba 1968, na ile ya kwanza kabisa, ya 1964, ilikuwa kaboksi ka mbao. Kabla ya hapo watu walifanya kazi bila mausi, na hawakufa.

Haya niliyakumbuka mwezi uliopita, nimekwenda steshenari moja Sinza kutoa kopi. Kuna dada alikuwa anachapa barua ya kuomba kazi, mwisho wa kupokea saa kumi jioni. Saa tisa na dakika arobaini kishale kikayeyuka. Dada wa watu machozi yanamlenga. Kijana wa steshenari akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani.

"Usizime!" nikapiga kelele mpaka foleni nzima ikageuka.

Ctrl na S kwanza. Dada akahema. Tukageuza mausi, swichi iko sawa, betri mpya. Tukachungulia nyuma ya kompyuta: kale kadude kadogo kanakopokea mawimbi ya mausi hakapo! Mausi ya akiba? Hakuna. Saa kumi kasoro dakika kumi.

"Dada, twende na kibodi," nikamwambia. Alt na Tab, tukahamia Gmail iliyokuwa imefunguliwa, barua pepe yake ikisubiri kuambatanishwa. Tab, Tab, Tab mpaka kwenye alama ya klipu, tukapitiliza, Shift na Tab tukarudi. Enter. Akachapa jina la faili, Enter. Tukasubiri ipande, na intaneti ya siku ile ilikuwa inatambaa kama konokono mjamzito. Ilipomaliza, Ctrl na Enter. Imekwenda! Saa kumi kasoro dakika mbili.

Dada alinishika mkono, sema hakuniachia namba ya simu. Tukiwa bado tunacheka, simu ya steshenari ikaita. Ni mteja aliyetangulia kwenye kompyuta ile, sauti ya hasira:

"Nyie, hii flashi yangu mmeifanya nini? Mbona haifunguki?"