Meli ya Mzimu Iliyopeperusha Bendera Yetu

Tarehe 16 Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina la Dennis iliitupa meli ya mizigo juu ya miamba ya Ballycotton, kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Cork, kusini mwa Ireland. Meli ilikuwa na urefu wa mita 77, imejaa kutu, na ndani hamkuwa na mtu hata mmoja. Jina lake Alta. Ilikuwa imeelea miezi 16 bila nahodha wala mshika usukani, na magazeti hayakuchelewa kuibandika jina linalouza: meli ya mzimu. Kinachotuhusu sisi ni kwamba mzimu huo ulikuwa na uraia. Alta ilisajiliwa chini ya bendera ya Tanzania.

Msomaji wa Same ana haki ya kuuliza yeye na meli wapi na wapi. Bahari iko Tanga huko, milima yote ya Upare na ya Usambara ikiwa katikati. Lakini mambo mawili yanayosaidia sana kuzielewa meli hizi yako Same tele: mazigazi na mizimu.

Tuanze na mazigazi. Simama saa saba mchana kando ya barabara kuu inayoelekea Makanya, uangalie lori la jasi likija kwa mbali. Pepo za baharini zimekwisha kumwaga mvua yao upande wa pili wa milima, huku magharibi kumebaki mikwaju, vumbi na jua. Lami imechomwa tangu asubuhi. Hewa inayoigusa ni ya moto na nyepesi, na iliyo juu yake ni ya baridi kidogo na nzito zaidi. Mwanga unaoshuka kutoka angani ukikaribia hewa ile nyepesi hupinda na kurudi juu, kwa hiyo jicho linapokea kipande cha anga kutoka upande wa barabarani, na akili inakiita maji. Lori linapoingia humo linapoteza magurudumu. Bodi inaelea juu ya bwawa, mara inakatika katikati, mara chini yake linatokea lori la pili lililopinduliwa. Hakuna dereva wa njia hiyo anayekemea shetani. Amezoea, na mwanawe atakutana na jambo hilo hilo kwenye somo la fizikia.

Baharini mpangilio unaweza kugeuka. Maji baridi hupoza hewa ya chini, na hewa vuguvugu inalala juu yake. Hapo mwanga hupinda kuelekea chini, ukafuata mviringo wa dunia, na meli iliyo nyuma ya upeo wa macho, ambayo kwa kawaida isingeonekana kabisa, inainuliwa na kuwekwa hewani. Tabaka za hewa zikiwa nyingi, taswira hurefushwa, hupinduliwa na kupangwa moja juu ya nyingine. Mabaharia wa Ulaya waliyaita mazigazi ya namna hiyo Fata Morgana.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mkasa wa *Flying Dutchman*, ile merikebu ya Kiholanzi iliyolaaniwa kuzunguka baharini bila kufika bandarini, umewekwa Rasi ya Tumaini Jema na si Pangani. Magharibi mwa rasi hiyo hupita mkondo baridi wa Benguela, na mashariki yake unateremka mkondo wa joto wa Agulhas. Ongeza ukungu, na ongeza karne mbili za merikebu za Kiholanzi zikipita hapo kwenda na kurudi Asia. Kwenye pwani yetu maji ni ya joto mwaka mzima, kwa hiyo mazigazi ya kuinua meli ni nadra. Hadithi zetu zikachukua njia nyingine: majini, na chunusi anayemvuta mwogeleaji chini. Mzungu alitishwa na kilicho angani, Mswahili akatishwa na kilicho majini, na kila mmoja alikuwa na sababu zake za kijiografia.

Sidai kwamba mazigazi yanamaliza kila kitu. Alfajiri ya tarehe 11 Julai 1881, meli ya kivita ya Uingereza HMS Inconstant ikiwa kati ya Melbourne na Sydney, watu 13 walisema wameona merikebu iking'aa kwa mwanga mwekundu, kisha ikatoweka. Mmoja wa wana wafalme waliokuwamo melini alikuja kuwa Mfalme George wa Tano. Baharia aliyeiona kwanza alianguka kutoka mlingotini asubuhi hiyo hiyo akafa. Tukio lilikuwa saa kumi usiku, na saa hiyo hakuna jua la kuchezea hewa. Ila kumbukumbu za safari za wana wafalme hao zilichapwa mwaka 1886, baada ya kupita mikononi mwa mwalimu wao, Dalton, aliyezihariri na kuziongezea maneno yake. Miaka mitano inatosha kabisa kutia hadithi chumvi.

Na chumvi ndiyo iliyoiponza Mary Celeste. Meli hiyo ilitoka New York Novemba 1872 na mapipa 1,701 ya alkoholi kwenda Italia, ikakutwa mwezi uliofuata kati ya visiwa vya Azores na Ureno, ikienda yenyewe. Nahodha Benjamin Briggs, mkewe, binti yao wa miaka miwili na mabaharia saba hawakuonekana tena. Utasikia kwamba chai ilikutwa mezani ikifuka moshi. Haikuwapo. Kilichoandikwa na waliopanda melini ni kwamba boti ya kuokolea haikuwapo, vyombo vya kupimia njia vimechukuliwa, na baadaye ikagundulika kwamba mapipa tisa yalikuwa matupu. Nahodha anayenusa mvuke wa alkoholi chini ya sitaha huogopa mlipuko. Yaelekea aliwashusha watu kwenye boti kwa muda, na meli ikawaacha. Mengine mengi yalitokana na hadithi ya kubuni aliyoichapisha kijana Arthur Conan Doyle mwaka 1884, ambayo wasomaji waliimeza kama habari.

Bahari ya Hindi ina kisa chake kizito zaidi. Waratah, meli ya abiria iliyotoka Australia, iling'oa nanga Durban tarehe 26 Julai 1909 kwenda Cape Town ikiwa na watu 211. Kesho yake meli nyingine, Clan MacIntyre, ilisalimiana nayo. Baada ya hapo hakuna ubao, hakuna boya, hakuna maiti iliyothibitishwa. Abiria mmoja, Claude Sawyer, alishuka Durban kwa sababu ya ndoto za mtu mwenye upanga na nguo zenye damu, akalieleza hilo mbele ya uchunguzi uliofanyika London. Watu hupenda ndoto. Mimi navutiwa zaidi na jambo jingine alilolieleza huko, kwamba meli ilikuwa ikilala upande mmoja na kukawia kuinuka. Njia yake ilifuata mkondo wa Agulhas, ambao huteremka kwa kasi kusini-magharibi. Dhoruba za majira ya baridi hutoka huko huko unakokwenda, na mawimbi yakigongana na mkondo uso kwa uso hufupika, husimama wima na kuwa makubwa kupita kiasi. Meli inayokawia kuinuka haina muda wa kupiga hata king'ora, na Waratah haikuwa na redio. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba imepatikana. Watafiti waliposhuka baadaye walikuta vifaru na matairi: ilikuwa Nailsea Meadow, meli ya mizigo iliyozamishwa katika Vita Kuu ya Pili.

Upareni nako kulipata kipande chake cha meli. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilishambulia HMS Pegasus hapo Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikatoweka kabisa, na Waingereza wakahangaika kuitafuta hadi mwisho wa Oktoba. Ilikuwa imejificha kwenye mikoko ya Rufiji. Ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliopoa mizinga yake yote kumi, wakaivutisha hadi Dar es Salaam kwa nguvu za mikono ya Waafrika, wakaitengenezea magurudumu na kuitawanya katika koloni zima. Mmoja uliwekwa kwenye meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Mwingine uliwekwa Kahe, kaskazini tu ya milima yetu, kwenye reli ile ile ya Tanga hadi Moshi inayopita Same. Machi 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoifikia Kahe, Wajerumani waliulipua wenyewe na kurudi nyuma kufuata reli.

Königsberg ilikuwa na kila sifa ya kuzaa mzimu: ilipotea, ikafia kwenye matope ya mikoko, mabaki yake yakamezwa na mto. Haikuzaa. Kila kipande chake kilikuwa na wa kukidai. Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria, kila mmoja na kibao chake. Hapa ndipo mizimu ya Upare inaponisaidia kufikiri. Wagweno walikuwa na mpungi, msitu mdogo wa ukoo ambamo wazee waliotangulia waliheshimiwa, na kila ukoo ulijua wa kwake. Marehemu mwenye ukoo na mahali pake hakuwa tatizo. Wa kuhofiwa alikuwa yule aliyeachwa bila wa kumtambikia.

Alta ilikuwa marehemu wa namna hiyo. Iliundwa mwaka 1976, ikabadilishwa jina na bendera mara kadhaa. Septemba 2018, ikitoka Ugiriki kwenda Haiti, injini ilizimika zaidi ya kilomita 2,000 kusini-mashariki ya Bermuda. Ndege ya walinzi wa pwani wa Marekani iliwadondoshea mabaharia kumi chakula, na Oktoba wakaokolewa. Meli ikaachwa. Mwaka uliofuata HMS Protector iliikuta katikati ya Atlantiki, ikaita, hakuna aliyejibu. Chuma kisichovuja hakizami, na ubavu mrefu wa meli unatosha kushika upepo kama tanga. Upepo na mkondo vilimaliza safari. Ireland ilipotafuta wa kumdai gharama, hakupatikana wa kulipa.

Iliwezekanaje kuwa na bendera yetu? Meli yoyote inayovuka bahari lazima iwe na nchi, na nchi nyingi huwauzia wageni usajili. Daftari la Tanzania la meli za kimataifa liko Zanzibar, chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Mwenye meli anaweza kusajili kupitia wakala bila kuikanyaga Unguja, na jina linaloandikwa laweza kuwa la kampuni ambayo ofisi yake ni sanduku la posta. Mwaka 2012 daftari hilo lililazimika kufuta meli za mafuta za Iran. Januari 2018, baada ya Ugiriki kuikamata Andromeda, meli yenye bendera yetu iliyobeba vifaa vya milipuko kuelekea Libya, Rais Magufuli aliagiza usajili wa meli za kigeni usimame na meli zaidi ya 400 zichunguzwe. Miezi minane baadaye ndipo injini ya Alta ilipozimika.

Dawa ya jambo hili, au sehemu yake, ilitungwa jirani. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli ulipitishwa Nairobi Mei 2007 na ukaanza kutumika Aprili 2015. Kwa nchi zilizouridhia, meli ya ujazo wa tani 300 na zaidi lazima iwe na cheti cha bima, na nchi ambayo pwani yake imetupiwa mabaki inaweza kumdai mtoa bima moja kwa moja, hata mwenye meli akiwa ameyeyuka.