Lebo ni Shahidi wa Bidhaa Yako

Mjasiriamali akishauriwa aboreshe lebo, mara nyingi hujibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inafaa pale mteja anapoweza kuonja embe au kupapasa kitambaa kabla hajalipa. Siagi ya karanga iliyofungwa kwenye kopo haionjwi dukani. Mteja anatoa pesa yake kwa ladha asiyoijua, iliyotengenezwa na mtu asiyemjua, na shahidi pekee aliye mbele yake ni karatasi iliyobandikwa kwenye kopo. Shahidi huyo akijikanganya, kopo hurudishwa kwenye rafu.

Wafanyabiashara wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, zina maandishi madogo yanayosomeka "K.H.E. Mali ya Abdulla". Maua hubadilika, rangi hubadilika, hata jina la kanga, ule usemi ulioandikwa chini, hubadilika kila toleo. Maandishi hayo hubaki. Anayeyaona anajua kanga imetoka kwa nani, na ikichuja rangi anajua wa kumdai. Hiyo ndiyo kazi ya chapa: kumfanya muuzaji atambulike ili aweze kuwajibika.

Sasa tulishike lile kopo la siagi ya karanga. Makosa huanza kwenye jina. Jina la biashara huandikwa kwa herufi za mapambo zilizojikunja, huku maneno "siagi ya karanga" yakifichwa pembeni. Mteja aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye rafu anataka kwanza kujua hiki ni kitu gani. Tumia herufi nene, zisizo na madoido, za rangi iliyokolea juu ya rangi iliyofifia. Kisha taja viungo, uzito halisi, jina na mahali pa mtengenezaji, simu inayopokelewa, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ikafutwa na mafuta ya kidole humtia mteja shaka hata kama karanga zilikaangwa jana. Usisahau namba ya toleo. Mteja akilalamika, namba hiyo itakuonyesha ni mzigo upi wenye kasoro, na hutalazimika kuutilia shaka uzalishaji wote.

Alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, huwekwa na mwenye leseni tu. Kuinakili ni kuvunja sheria, tena ni kumdanganya mtu anayekula ulichotengeneza. Bakodi, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya kaunta, nayo ina kazi yake. Tarakimu 620 mwanzoni huonyesha kwamba namba imetolewa kupitia GS1 Tanzania, shirika linalosimamia namba za bakodi, na 616 ni ya Kenya. Bakodi haithibitishi ubora, wala haithibitishi mahali bidhaa ilipotengenezwa. Kwa hiyo usiitangaze kama cheti.

Rangi nayo huleta kisirani. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa aina nne. Ndiyo maana rangi ya chungwa iliyong'aa kwenye simu hutoka imefifia kwenye stika. Mwombe mbunifu akupe namba za rangi zako za uchapaji, pamoja na faili asilia la nembo linaloweza kukuzwa bila kuharibika. Picha iliyosambazwa kwa WhatsApp hubanwa. Ukiikuza iwe bango, kingo zake huwa na ukungu. Asiye na faili hilo huchorewa nembo upya kila anapobadilisha mchapaji, na baada ya muda kopo la mwaka huu halifanani na la mwaka jana. Mteja wa zamani akiona hivyo hudhani ni bidhaa ya kuigwa.

Pana sehemu moja ambayo wengi huisahau: malipo ya simu. Bango linasema jina la biashara, lakini mteja akitaka kulipa anaona jina la mtu binafsi asiyemfahamu. Mkono husita hapohapo, kwa kuwa watu wametapeliwa vya kutosha. Sajili namba ya malipo kwa jina lilelile lililo kwenye lebo.

Kabla ya kulipia nembo mpya, panga mezani kopo, risiti, picha ya bango, ukurasa wako wa mtandaoni na ujumbe wa malipo. Mwonyeshe mtu asiyeijua biashara yako, umuulize kama vyote ni vya muuzaji mmoja. Akisita, rekebisha kwanza kile kilichomsitisha. Nembo mpya inaweza kusubiri.