Bei ya Gari Imeshuka, Bei ya Vipuri Haikushuka

Binamu yangu anayeishi Birmingham, Uingereza, alinipigia simu usiku mmoja baada ya Isha akiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu njiani. Alikuwa ameona Maserati GranTurismo la mwaka 2008, rangi ya buluu iliyokoza na viti vya ngozi, likiuzwa kwa bei inayokaribia ile ya gari dogo jipya la familia. "Kaka, hapo kuna tatizo gani?" aliniuliza. Kabla sijajibu nilimsikia shemeji nyuma yake: "Kwanza amuulize mwenye nalo, aliyelinunua kwa fedha nyingi, kwa nini leo anataka kuachana nalo kwa bei hiyo."

Swali lile lilikuwa na uzito wake. Fedha zilizokuwa mezani ni akiba ya miaka sita, na nusu yake ilikusudiwa kuwa malipo ya awali ya nyumba. Mkopo wa riba walikwisha kuukataa wote wawili, kwa hiyo kosa lolote lingelipwa kutoka katika akiba ileile.

Gari lenyewe si la kubezwa. Kampuni ya Maserati ilianzishwa Bologna mwaka 1914, na nembo yake ya mkuki wenye ncha tatu imetokana na sanamu ya Neptune iliyomo katika mji huo. Baadaye kiwanda kilihamia Modena. Waitaliano wanaposema gran turismo wanakusudia gari la safari ndefu, linalomvusha mtu na mizigo yake kutoka nchi hadi nchi kwa kasi na bila uchovu. Gari hili lilizinduliwa Geneva mwaka 2007. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina, na injini yake ya V8 ya lita 4.2, yenye nguvu za farasi 405, iliunganishwa na Ferrari huko Maranello. Lina viti vinne ambavyo hata watu wazima hukaa vizuri, jambo lililo adimu kwa magari ya aina hii. Buti lake, hata hivyo, ni la lita 260 tu. Ukitia kigari cha mtoto, masanduku yatabaki nyumbani.

Mwaka 2007 gari hili liliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 75,000. Leo la mwanzo mwanzo hupatikana kwa theluthi ya kiasi hicho, lakini breki zake, shokapu zake za kielektroniki na saa za fundi wake bado ni za gari la pauni 75,000. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, hivyo huwezi kuyabadilishana nafasi ili yalike sawasawa. Kwa vipimo rasmi injini hunywa zaidi ya lita 14 za petroli kwa kilomita 100, na katika foleni za mjini hunywa zaidi sana. Nilimshauri atenge walau theluthi ya bei ya ununuzi kwa ajili ya matengenezo ya mwanzo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi si rahisi tena." Nami sikumbishia.

Mimi si fundi, ingawa kazi ya kutunza madaftari imenizoesha kusoma risiti. Tulimtafuta fundi wa kujitegemea anayeyajua magari haya, asiye na uhusiano wowote na muuzaji. Agizo lake la kwanza lilikuwa kwamba gari lisiwashwe kabla hajafika. Injini za awali za lita 4.2 zina kifaa kinachoitwa variata, kinachorekebisha muda wa kufunguka kwa valvu, nacho kikichakaa hugonga wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi. Injini iliyokwisha pata moto huweza kuificha aibu hiyo. Walipofika kwa muuzaji wa gari la buluu, shemeji aliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa na joto. Waliomba kurudi kesho yake asubuhi. Muuzaji akasema kesho hatakuwepo. Wakaondoka.

Gari la pili lilikuwa toleo la S, la lita 4.7, lenye gia ambazo mashine huzibadilisha ingawa ndani mna klachi. Kompyuta ya fundi ilionyesha klachi iliyokaribia kwisha. Kwa matumizi ya kila siku fundi alilipendelea lile lenye gia otomatiki za kawaida. Pia alilala chini ya kila gari kuangalia kutu kwenye fremu ya mbele, kwa sababu Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, na alizitikisa bushi na viungo vya magurudumu ya mbele. Vitufe vya ndani vinavyonatanata kama vimepakwa asali havikumshughulisha. Alisema ni ugonjwa wa kawaida.

Ndugu zetu walioko Ghuba hushawishika na magari haya kwa sababu yanapatikana huko. Wajue kwamba ya huko yana usukani wa kushoto, na Kenya haisajili gari la namna hiyo kwa matumizi ya kawaida, wala haiingizi gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza.

Fiqhi humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa akiikuta na aibu iliyofichwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 nayo humpa siku 30 za kukataa gari lenye kasoro, lakini kwa mfanyabiashara tu. Ukinunua kwa mtu binafsi ulinzi huo huna. Ndiyo maana walilipa zaidi kidogo kwa mfanyabiashara.

Gari la tatu, la rangi ya kijivu, lilikuja na faili nene la risiti, mojawapo ikiwa ya kubadilishwa variata. Shemeji alizisoma zote, akijumlisha pembeni kwa kalamu, na fedha za nyumba akazihamishia akaunti nyingine kabla ya kusaini. Sasa faili analitunza yeye. Risiti ya kwanza aliyoiongeza ni ya matairi mawili ya nyuma, na ya pili ni ya chaja ya betri, kwa kuwa gari hilo hutoka mara moja tu kwa juma.