Konokono wa Kichocho: Baba na Mama Ndani ya Ganda Moja

Ushawahi cheki wale konokono wadogo, bapa, wamejishika kwa majani kando ya ziwa Kisumu ama kwa mifereji ya mpunga Mwea? Usiwachukulie poa. Wanaitwa Biomphalaria, na kwa mambo ya kuzaana ni noma.

Kwanza, hakuna cha boi wala dem. Kila mmoja ni wote wawili. Ako na tezi moja inatengeneza mbegu za kiume na mayai pia. Karibu na kichwa, upande wa kushoto, ako na uume na uke, kila kitu na mlango wake. Wakipatana, mmoja anakuwa ndume, mwingine anapokea, na wanaweza badilishana.

Na akikosa mtu? Anajitungisha mwenyewe. Anataga mayai ndani ya utelezi, anayabandika kwa jani. Ndio maana ukiua wote ubakishe mmoja tu, mfereji unaweza jaa tena.

Sasa hapa ndio inakuhusu. Mtu mwenye kichocho akienda choo karibu na maji, minyoo michanga inatoka kwa mayai na kuingia konokono. Inamkula nguvu za uzazi mpaka anaweza acha kutaga. Badala ya watoto wake, anatoa maelfu ya minyoo yenye mkia, inayopenya ngozi yako ukiogelea.

Kwa hivyo tumia choo, si mto. Na kama uliingia huko na sasa tumbo inasumbua ama unaona damu kwa choo, enda hosi upimwe. Dawa iko: prazikwanteli.