Si uzee, si uchawi: Kuishi na ugonjwa wa Parkinson mitaani Eastlands

MAJIRANI katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, hawakosi la kusema wanapomwona mtu mkono ukimtetemeka. Wapo wasemao ni pombe. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, au kuna neno la huko nyumbani mashambani ambalo hakulimaliza. Watoto wake mwenyewe husema, "Mzee amezeeka tu."

Huenda wote wamekosea. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, maradhi ambayo yana jina, yana chanzo mwilini na yana dawa. Dawa hiyo haiyamalizi, lakini humwezesha mgonjwa kuishi nayo miaka mingi, mradi atambuliwe na atunzwe.

Jina hilo linatokana na daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka wa 1817. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia viungo kusonga bila shida. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa polepole, hata mwili ukawa kama gari lililokosa mafuta. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa nao ulimwenguni.

Wengi wa wagonjwa wamepita umri wa miaka 60, lakini si wote. Bondia Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka wa 1974, alikuwa na miaka 42 alipoambiwa na madaktari mwaka wa 1984 kwamba ana maradhi haya. Mwaka wa 1996 dunia nzima ilimwona akiwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta huku mkono ukitetemeka. Aliishi hadi mwaka wa 2016.

Dalili zake

Mkono hutetemeka hasa ukiwa umetulia, labda juu ya paja. Aghalabu huanza upande mmoja wa mwili. Mtu huwa mzito kuinuka kitini, hatua zake huwa fupi za kuburura miguu, na mkono mmoja hauning'inii wala kuyumba anapotembea. Mwandiko hupungua ukawa mdogo, na sauti hufifia. Uso hukosa tabasamu, hata marafiki wakadhani amekasirika. Wengine hawatetemeki kabisa.

Hakuna kipimo cha kawaida cha damu cha kuutambua. Daktari humsikiliza mgonjwa, humpima viungo na kumtazama akitembea. Pia huuliza dawa anazotumia, kwani baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika huweza kuleta dalili kama hizi. Mkazi wa Kayole au Umoja anaweza kuanzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na ikibidi aombe kupelekwa kwa daktari bingwa wa neva katika Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Wengi hawafiki huko. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Tanzania, miongoni mwa wakazi zaidi ya 160,000, waligundua kwamba wengi wa wagonjwa hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2008.

Dawa na saa

Dawa kuu ni levodopa, ambayo huchanganywa na kabidopa katika kidonge kimoja. Ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Msomaji atashangaa kusikia kwamba levodopa imo pia katika mbegu za upupu, ule unaowasha ngozi. Lakini usikimbilie kusaga mbegu hizo nyumbani. Kiasi kilichomo hubadilika, na kuzidisha kuna madhara.

Dawa hii inafuata saa. Kidonge kikichelewa, mtu aliyekuwa akitembea vizuri anaweza kuganda ghafla. Kwa kawaida kimezwe nusu saa au zaidi kabla ya kula, kwa maana nyama, maharagwe na maziwa huweza kukizuia kufanya kazi. Kichefuchefu cha siku za kwanza ni cha kawaida. Kikimsumbua, amwone daktari.

Dawa hizi hununuliwa maisha yote, na familia inayotegemea kibarua cha siku hushawishika kupunguza vidonge ili vifike mwisho wa mwezi. Kuacha ghafla ni hatari. Mwili waweza kukakamaa na kupandwa na homa kali. Fedha zikipungua, mwambie daktari mapema.

Baada ya miaka kadhaa mwili unaweza kuanza kujinyonganyonga dawa inapofanya kazi. Dawa nyingine za ugonjwa huu humtia mtu hamu ya kamari isiyozuilika. Siku hizi kamari imo ndani ya simu, kwa hivyo Baba akianza kumaliza pesa huko, usimtukane. Mpeleke hospitalini, dawa ipimwe upya.

Moyo nao huugua

Jambo lisilozungumzwa sana ni huzuni. Mzee aliyezoea kunywa chai kwa jirani huko Jericho huacha kwenda kwa kuwa kikombe kinamwagika. Haendi kanisani wala msikitini, haonekani kwenye chama. Watu husema amekuwa na kiburi, kumbe ana haya.

Huzuni hii pia ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kwa sababu kemikali zilizopungua ubongoni ndizo pia hutawala furaha na hofu. Hata huweza kutangulia kutetemeka. Ina matibabu, kwa hivyo itajwe mbele ya daktari.

Nyumbani, mjazie kikombe nusu. Ondoa mkeka unaoteleza. Akiganda mlangoni usimvute. Mhesabie "moja, mbili, tatu" ainue mguu kana kwamba anaruka mstari. Matembezi ya kila siku na mazoezi ya viungo humsaidia sana. Kwenye matatu, mwambie kondakta mapema kwamba mnahitaji muda wa kushuka. Naye anayemtunza, awe mkewe au bintiye, apewe siku ya kupumzika, kwani mzigo huu haubebwi na mtu mmoja.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ugonjwa ukifichwa chumbani, dawa haitaufuata huko.