Gugu maji bwawani: Mabaki ndiyo hasara

WAFUGAJI wa samaki wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria wanaijua gharama ya gugu maji. Mmea huo wenye asili ya Amerika ya Kusini ulienea ziwani humo katika miaka ya 1990, ukaziba mialo na bandari za Kisumu na Mwanza. Ukiingia bwawani hufanya vivyo hivyo, ila hasara humwangukia mtu mmoja.

Majani yakitanda juu ya maji, mwanga haupenyi. Vijimea vidogo ambavyo ni chakula cha asili cha perege hupungua, hewa ya majini nayo hupungua, na alfajiri samaki huonekana wakihema juu juu. Mfugaji hununua chakula zaidi, lakini uzito sokoni hauongezeki.

Dawa ya kuua magugu huonekana kuwa njia ya mkato. Hata hivyo, magugu yanayokufa kwa pamoja huzama na kuoza, na kuoza huko humaliza hewa iliyobaki. Samaki wanaweza kufa pamoja na magugu.

Njia nafuu kwa bwawa dogo ni kung'oa kwa mikono, mradi hesabu yake ieleweke. Penye joto na maji yenye rutuba, gugu maji huweza kuongezeka maradufu katika wiki mbili au pungufu. Tuseme bwawa la mita 20 kwa 20 lina mita 40 za mraba zilizofunikwa. Vibarua wakiondoa mita 36 na kuacha nne, baada ya wiki sita zitakuwa 32. Kwa mwendo huo, vibarua wataitwa karibu mara nne katika nusu mwaka, na kila mara watalipwa kwa kazi ileile.

Kwa hiyo faida iko katika kumaliza mabaki. Magugu husogezwa ukingoni kwa kamba yenye maboya, hung'olewa pamoja na mizizi, kisha bwawa hukaguliwa kila wiki, kwa kuwa mbegu zilizo kwenye tope huweza kuota hata baada ya miaka mingi. Mfereji wa kuingizia maji huwekewa wavu, na samadi hupunguzwa, maana ndiyo inayoyalisha magugu.

Wadudu aina ya fukusi, walioachiwa ziwani katika miaka ya 1990, walisaidia kupunguza magugu, lakini kazi yao huchukua miaka. Mwenye bwawa hawezi kungoja hivyo.

Magugu yaliyong'olewa yakaushwe mbali na maji kabla ya kusafirishwa. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za uzito wake ni maji, na hakuna sababu ya kulipia mkokoteni kubeba maji. Yakikauka hufaa kwa mboji ya bustani, na hapo angalau sehemu ya ujira wa vibarua hurudi.