KISUKARI HAKIHITAJI CHUNGU CHAKE

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi, daktari akishatamka neno "kisukari", mahali pa kwanza kubadilika ni jikoni. Mama huanza kuinjika vyungu viwili: kimoja cha familia, chenye ladha yake ya siku zote, na kingine cha mgonjwa, chenye mboga zilizochemshwa bila kiungo. Baba hutengewa pembeni, watoto wakimtazama kama mgeni aliyekosewa heshima. Haupiti muda mrefu mkaa huwa umekwisha kabla ya mshahara, mama amechoka, na mgonjwa amerudi kwenye sinia la wenzake akisema, "Heri nife nimeshiba."

Ndugu msomaji, makala haya yana neno moja la kukuambia. Mwenye kisukari hahitaji chungu chake peke yake. Anahitaji chungu cha familia nzima kipikwe kwa busara, kisha yeye apakuliwe kwa kipimo. Tena vyakula vya kufanyia kazi hiyo havitoki ng'ambo wala havikai katika makopo ya bei kubwa. Hupatikana katika bustani, mashamba na magenge ya watu wa kawaida, Mnyuzi sawa na Manzese.

KAZI IMEBADILIKA, TONGE HALIKUBADILIKA

Tumeitaja Mnyuzi kwa sababu. Ni katika kituo hicho cha wilaya ya Korogwe ambapo reli itokayo Ruvu iliungana na reli ya Tanga mwaka 1963, na pande zote hizo ni nchi ya mkonge. Wazee wetu walifika katika mashamba yale kutoka kila upande, wakaitwa manamba, wakapimiwa posho ya unga. Mkata mkonge aliamka kabla ya jua, akainama juu ya miba hadi mchana, akarejea kambini kwa miguu. Kwake yeye mlima wa ugali haukuwa ulafi. Ulikuwa nguvu ya kazi, na nguvu hiyo ilikwisha shambani.

Leo mjukuu wake ni karani, dereva, fundi cherehani au muuza duka. Kutwa amekaa. Lakini ugali wake umebaki wa babu, na juu yake ameongeza soda, maandazi na chipsi. Kazi imebadilika, tonge halikubadilika.

Matokeo tunayaona. Wataalamu walipowapima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, miongoni mwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, walikuwa karibu 9 katika kila 100. Njia za upimaji na mahali palipopimwa si vile vile, lakini mwelekeo haufichiki.

SUKARI ISIYOONEKANA

Wengi hudhani kwamba sukari ya damu hutokana na sukari ya bakulini tu. Sivyo. Ugali, wali, muhogo, ndizi, viazi na mkate vyote vina wanga, na wanga ukishasagwa tumboni huwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari hiyo kuingia katika misuli na viungo vingine ili itumike. Katika kisukari, insulini huwa haitoki, haitoshi au haifanyi kazi yake ipasavyo. Sukari hubaki damuni, na kwa miaka mingi huharibu macho, figo, mishipa na miguu. Kidonda kidogo cha mguu kisichouma kwa sababu ya ganzi kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Hilo ndilo linalosubiri nyuma ya utani wa "heri nife nimeshiba". Mtu hafi siku ile. Kwanza anaweza kupoteza mwanga wa macho, kisha kazi, na mzigo ukawaangukia wale wale wa nyumbani kwake.

Hebu tupige hesabu. Ugali uliosongwa kwa robo kilo ya unga una karibu gramu 190 za wanga. Soda moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, naye amemaliza vijiko tisa kabla hajala chochote. Haba na haba hujaza kibaba.

SINIA NA SAHANI

Desturi yetu ya kula sinia moja ni njema kwa undugu, lakini kwa mgonjwa wa kisukari ina kasoro: hakuna ajuaye amekula matonge mangapi, hata yeye mwenyewe. Dawa yake si kumfukuza mezani. Mpakulieni sehemu yake katika sahani, aketi pamoja nanyi, ale kile kile mnachokula.

Sahani hiyo igawanywe hivi. Nusu nzima iwe ya mboga: mchicha, matembele, mnavu, bamia, kabichi, biringanya. Robo iwe ya kujenga mwili: maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi, kiasi cha ngumi yake. Mkono ni mizani isiyonunuliwa, tena husafiri na mwenyewe hadi kazini na arusini.

Kadhalika, asishinde na njaa kutwa ili aje ale mlo mmoja mkubwa jioni. Afadhali milo mitatu midogo kwa saa zinazojulikana.

MAPISHI MATATU YA NYUMBA NZIMA

Asubuhi. Chemsha chai kwa mchaichai au tangawizi. Harufu yake husaidia ulimi kusahau sukari. Punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka uzoee. Badala ya maandazi, weka kipande cha muhogo au kiazi kitamu kilichochemshwa, kisichozidi nusu ya ngumi, pamoja na yai au kikombe kidogo cha kunde zilizochemshwa kwa kitunguu na nyanya.

Mchana, makande. Loweka usiku kucha vikombe viwili vya maharage na kimoja cha mahindi yasiyokobolewa. Kulowekwa huokoa mkaa. Asubuhi mwaga maji yale, chemsha mpaka viive kabisa. Tia kitunguu, nyanya, karoti na pilipili hoho. Ukipenda nazi, tumia tui jepesi kidogo tu, na tui zito uliache. Kawaida yetu ni mahindi kuwa mengi na maharage machache. Hapa tumepindua, kwani maharage yana nyuzinyuzi ambazo huchelewesha sukari kuingia damuni. Kwa kuwa makande yana wanga na maharage pamoja, yachukue nusu ya sahani, na nusu ya pili iwe mboga za majani.

Jioni, ugali wa dona, kisamvu na dagaa. Kisamvu kitwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, kwani kibichi kina sumu. Tia kitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mezani cha karanga zilizotwangwa kwa kila mlaji. Basi hakuna haja ya mafuta mengine. Dagaa waoshwe kwa maji ya moto, wakaangwe kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima, watiwe ndimu. Chumvi iwe kidogo: Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, na wengi wenye kisukari wana shinikizo la damu pia.

Matunda hayakukatazwa. Chungwa moja lililomenywa na kuliwa pamoja na nyama zake ni chakula chema. Lakini glasi ya maji ya machungwa hukamuliwa kutoka machungwa matatu au manne, na hushuka kooni kwa dakika moja. Tafuna tunda, usilinywe.

MANENO YA KUSIKIA

Yapo maneno mengi mitaani. Wengine husema dona haipandishi sukari. Hupandisha; ubora wake ni kule kubaki na pumba na kiini, lakini kipimo ni kile kile cha ngumi. Wengine husema asali si sukari. Ni sukari. Wengine hula mchunga kwa imani kwamba uchungu wake utafuta utamu wa damu. Mchunga ni mboga nzuri, nasi twaupenda mkoani Tanga, lakini uchungu wa ulimini haubatilishi ugali uliokwisha kuliwa. Nao unga wa nafaka nyingi uuzwao kwa jina la dawa bado ni unga.

TAHADHARI

Usiache dawa kwa sababu umeanza kula vizuri. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mweleze daktari au muuguzi kabla ya kupunguza chakula, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo anywe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha apate chakula. Akiwa hajitambui, asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali haraka. Wajawazito na wenye maradhi ya figo wapate ushauri wao maalumu. Aidha, kama una kiu isiyoisha, unakojoa mara kwa mara na unakonda bila sababu, kapime. Mficha maradhi, kilio humfichua.

FAIDA NI YA WOTE

Huenda kijana mzima akalalamika: kwa nini na mimi nile makande ya mgonjwa? Ajibiwe hivi. Mwaka 1986, katika mji wa Daqing nchini China, watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa waligawanywa katika makundi. Baadhi walifundishwa ulaji bora, mazoezi, au vyote viwili. Baada ya miaka sita, waliofundishwa walikuwa wameugua kisukari kwa uchache kuliko wenzao. Na walipofuatiliwa kwa miaka 30, maradhi ya moyo na vifo vilikuwa pungufu kwao. Chungu kile kile kinachomtibu baba kinamkinga mwana.

Taifa letu linayo mazoea ya kujifunza kwa pamoja. Mwaka 1973 watu walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wakati huo hofu kubwa ilikuwa upungufu wa chakula; leo, katika nyumba nyingine, ni kukosa kipimo. Lakini njia ni ile ile: watu kukaa pamoja, kuulizana na kutenda.

Basi, baba, usiache kazi hii mikononi mwa mama peke yake. Jifunze kuloweka maharage na kuchambua mchicha, kwani ugonjwa ni wa mwili wako na mwiko hauchagui mkono. Nanyi vijana, mwonapo mzazi amepakuliwa ngumi moja ya ugali, msimcheke wala msimwonee huruma. Nanyi pakueni ngumi moja, ongezeni mboga, mle pamoja.